TUZO NA BAKSHISHI: LUGHA YA MAHALI PA KULA NA MUZIKI KATIKA MOMBASA BARA

1.0 UTANGULIZI

Mji wa Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na bara: Kisauni upande wa kaskazini, Changamwe upande wa magharibi na Likoni upande wa kusini. Mkazi wa Kisauni hupita Daraja la Nyali, ambalo mwaka 1980 lilichukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Mkazi wa Changamwe hupita Makupa. Na mkazi wa Likoni huvuka kwa feri. Wote watatu, waendapo kisiwani, husema kwamba wanakwenda "mjini". Huko watokako ni "bara", ijapokuwa leo watu wengi wa Mombasa wanaishi bara kuliko kisiwani, na ijapokuwa hoteli kubwa za watalii ziko bara, katika fuo za Nyali, Bamburi na Shanzu.

Makala haya yanachunguza lugha itumikayo mahali ambapo watu wa bara hiyo, pamoja na wageni wao, hula chakula huku wakisikiliza muziki unaopigwa papo hapo. Jambo hili huweza kuonekana dogo mno kwa mtaalamu wa lugha. Hata hivyo, ni mahali hapo ambapo mamia ya maelfu ya wageni wamelisikia neno la Kiswahili kwa mara ya kwanza, na ni hapo ambapo wanamuziki wa pwani wamepata riziki yao kwa kulitamka neno hilo. Wasomi wengi wamekuwa wakikibeza Kiswahili cha hotelini kwa kukiita kibovu. Itadaiwa hapa kwamba hukumu hiyo haikulenga penyewe. Lugha ya mahali pa kula, iwe ni ya mezani au ya jukwaani, huishi kwa kupunguza maneno. La kuulizwa ni iwapo yule anayeambiwa anajua kilichopunguzwa.

2.0 MAJINA YA MAHALI

2.1 Hoteli na mkahawa

Kiswahili cha Kenya kinalitumia neno hoteli kwa maana pana kuliko ile ya lugha lilikotoka. Mtu wa Changamwe akisema, "Nimekula hotelini," msikilizaji hadhani kwamba amelala huko. Humwelewa kuwa ameketi katika nyumba ya chakula, pengine yenye meza nne na ubao wa bei ukutani, akala wali na maharagwe. Nyumba ya kulala wageni hulazimika kuongezewa sifa ili itofautishwe: "hoteli kubwa" au "hoteli ya kitalii". Hivyo basi neno la mkopo limeshika maana iliyo karibu zaidi na maisha ya wenyeji, na maana lililokuja nayo ndiyo inayohitaji kufafanuliwa.

Neno mkahawa limetokana na kahawa, nalo limeundwa kwa kutiwa kiambishi cha ngeli ya M-/MI-. Tanzania hutumiwa zaidi umbo mgahawa, ambalo ndani yake sauti /k/ imepata ghuna. Mkahawa kwa asili ni mahali pa kahawa, lakini katika matumizi ya leo hakuna anayeshangaa akiingia mkahawani akakosa kahawa. Katika maandishi na shuleni, mkahawa ndilo neno linalopendelewa. Katika mazungumzo ya barabarani, hoteli hulishinda. Pale ambapo lugha za Ulaya hutumia bistro, yaani nyumba ndogo ya kula na kunywa, ya mtaani, isiyo na makuu, Kiswahili kina mkahawa tayari. Kisichokuwamo katika neno hilo ni muziki.

2.2 Baa na mangwe

Changamwe ni mtaa wa watu wa mshahara. Hapo ndipo ilipo reli iendayo bara ya mbali, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi tangu mwaka 1963 hadi 2013. Mahali penye mshahara wa mwisho wa mwezi hapakosi baa, na baa yenye bendi huuza nyama choma, vinywaji na dansi kwa pamoja. Neno baa, kama lilivyo neno bendi, limeingia katika ngeli ya N- bila ya kiambishi chochote, na wenyeji hawalihisi tena kuwa geni.

Kando ya baa, Kisauni na Likoni zina mangwe, yaani mahali pa kunywea mnazi. Mahali hapo hutajwa mara nyingi kwa kiambishi tamati cha mahali, "mangweni", kama itajwavyo "nyumbani". Mangweni hapana jukwaa wala orodha ya vyakula. Huwapo samaki wa kukaanga, muhogo na pilipili. Na ukizuka wimbo, huzuka kwa wanywaji wenyewe.

Majina haya manne, hoteli, mkahawa, baa na mangwe, hayatofautiani kwa chakula peke yake. Yanatofautiana pia kwa uhusiano wa yule anayeimba na yule anayekula. Mangweni ni mtu mmoja. Katika baa ni watu wawili wanaojuana au wanaoweza kujuana. Katika hoteli ya kitalii ni watu wawili wasioijua lugha moja. Tofauti hiyo ndiyo inayoathiri lugha, kama itakavyoonekana.

3.0 LUGHA YA KUAGIZA

Kabla ya kufika kwenye wimbo, yafaa kuitazama lugha ya mezani, kwani ndani yake imo kanuni itakayofaa baadaye. Mteja katika hoteli ya kawaida ya bara husikika akiagiza hivi:

(1) Tuletee wali mbili na chai mbili.
(2) Mimi nipe viazi mbili.
(3) Mimi nipe viazi viwili.

Kwa mujibu wa sarufi, wali ni nomino ya ngeli ya U-, na haihesabiki; haipati wingi, wala haitarajiwi kufuatwa na "mbili". Mwalimu wa shule angeweza kuitia sentensi (1) alama nyekundu. Lakini mhudumu halalamiki, wala hakosei: analeta sahani mbili. Neno sahani, la ngeli ya N-, limeachwa, na upatanisho wake umebaki katika kivumishi cha idadi. Sarufi haikuvunjwa, imefichwa.

Jozi ya (2) na (3) inalithibitisha jambo hilo. "Viazi viwili" ni vipande viwili vya viazi. "Viazi mbili", kwa mfano viazi karai kwa ukwaju, ni sahani mbili za viazi. Mtu yule yule huyasema yote mawili katika mlo mmoja bila ya kuchanganyikiwa, na mhudumu hatofautishi kwa kingine chochote isipokuwa upatanisho. Vivyo hivyo "mishikaki mitatu" ni vijiti vitatu, na "mishikaki tatu" ni sahani tatu. Ijapokuwa chai hunywewa katika kikombe, hapana asemaye "chai viwili": chai yenyewe ni ya ngeli ya N-, na "chai mbili" inajitosheleza.

Kwa hiyo lugha ya kuagiza ni lugha iliyopunguzwa na watu wawili wanaokijua kilichopunguzwa. Ufupi wake ni dalili ya maarifa yanayoshirikiwa, si dalili ya ujinga. Msemaji asiyeijua sarufi hawezi kuupata upungufu huo, kwa sababu hana cha kupunguza. Kanuni hii ikumbukwe, kwani wimbo wa hotelini hupunguza vile vile, lakini mbele ya msikilizaji wa namna nyingine.

4.0 KUTUMBUIZA NA KUTUZA

4.1 Karamu na muziki katika desturi ya pwani

Hakuna msingi wa kudhani kwamba kula huku mtu akiimbiwa ni jambo lililoletwa na watalii. Kitenzi tumbuiza, ambacho leo hutumiwa kwa bendi yoyote inayoburudisha hadhara, kina maana ya kale ya kumwimbia mtu ili atulie au afurahike. Utumbuizo ni miongoni mwa bahari kongwe za ushairi wa Kiswahili, na tungo zake zimehusishwa na ngoma ya gungu iliyochezwa katika karamu na harusi za wenye hadhi. Chakula, tambuu, ngoma na shairi viliandamana.

Baadaye ilikuja ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger (1975) ameifuatilia hadi miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Vyama vya beni viliiga gwaride na ala za Wazungu, vikashindana kwa nyimbo na kwa ukubwa wa karamu. Margaret Strobel (1979) ameonyesha kwamba vyama vya wanawake vya lelemama vya Mombasa navyo vilishindana kwa namna hiyo. Katika desturi hiyo chakula na wimbo vilikuwa silaha mbili za shindano moja: aliyepikiwa ndiye aliyeimbiwa, na aliyeshindwa aliyajua maneno yaliyomshinda.

4.2 Taarabu na tuzo

Taarabu ya Mombasa ilirithi sehemu ya desturi hiyo. Jukwaa lake hasa ni harusi. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa miongo mingi tungo ambazo nyingi zilitoka kwa Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa Malenga wa Mvita. Zein l'Abdin, mpigaji udi mashuhuri aliyefariki mwaka 2016, aliimba kwa lugha yenye lahaja na msamiati wa kale wa kaskazini. Katika nyimbo za namna hii Kimvita au Kiamu hakionewi haya: "mato" hubaki "mato", wala hayageuzwi kuwa "macho".

Linalohusu mada hii zaidi ni kitendo cha kutuza. Msikilizaji huinuka mahali pake, hasa mwimbaji anapoufikia ubeti fulani, akaenda kwa mwendo wa madaha mpaka mbele, akatoa fedha. Fedha hiyo ni tuzo. Mtu asiyejua hudhani kwamba ni malipo ya sauti nzuri. Mara nyingi mtuzaji anaununua ubeti: anatangaza mbele ya hadhara kwamba maneno yale ni yake, na kwamba mlengwa wake yumo ukumbini. Kelly Askew (2002) amelieleza jambo hilo kwa kirefu katika uchunguzi wake wa taarabu ya Tanga. Kwa istilahi za isimu, tuzo ni tendo la usemi: mtuzaji husema kwa kinywa cha mwingine.

Tendo hilo huwezekana kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba fumbo lieleweke. Mtunzi amepunguza: hakutaja jina, hakutaja kosa. Ametaja ua, au ndege, au chombo kilichokwenda mrama. Waliohudhuria hukijaza kilichopunguzwa. Kwa maana hiyo fumbo la taarabu na "viazi mbili" za mezani ni ndugu, ijapokuwa mmoja amevaa joho na mwingine amevaa aproni.

5.0 WIMBO WA HOTELINI

5.1 Kuzuka kwake

Hoteli za fuo za Kisauni ziliongezeka sana katika miaka ya 1960 na 1970, na ndege za watalii zilipoanza kutua Mombasa moja kwa moja kutoka Ulaya, mahitaji ya muziki wa jioni yalipanda. Mgeni alikula chakula chake kando ya bahari, na bendi ilimpigia. Vikundi vya ngoma za Kimijikenda navyo vilialikwa, vikacheza kwa dakika chache ngoma ambazo kijijini huchukua usiku kucha.

Miongoni mwa bendi hizo ilikuwamo Them Mushrooms, iliyoundwa mwaka 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka pwani. Wimbo wao "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982, ulijengwa kwa vifungu vya salamu na ukaribisho, yaani maneno ambayo mgeni angehitaji katika siku yake ya kwanza. Mwaka 1983 kundi la Boney M. la Ujerumani lilitoa toleo lake, na Safari Sound Band wakautia wimbo huo katika kanda zao. Tangu hapo haukuondoka mezani. Kwa zaidi ya miaka 40, bendi ya hoteli ya pwani ya Kenya isiyoupiga imekuwa nadra.

5.2 Uchambuzi wa salamu

Salamu kamili ni "Hujambo?", na maana yake ya asili ni kuuliza kama anayeamkiwa hana jambo linalomsumbua. Ndani yake umo ukanushi na imo nafsi. Jibu ni "Sijambo". Wingi wake ni "Hamjambo?" na "Hatujambo". Anayetaka kuamkiana kwa njia hiyo analazimika kuzimudu nafsi nne na ukanushi wake, hata kabla hajaketi.

"Jambo" peke yake imeyaondoa yote hayo. Nafsi imetoka, ukanushi umetoka, tofauti ya umoja na wingi imetoka, na jibu limekuwa sawa na swali. Umbo hili halikubuniwa na bendi: lilikwisha kusikika njiani na mashambani katika zama za ukoloni, kati ya watu ambao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Baina yao, wenyeji wa Mombasa huamkiana kwa njia nyingine nyingi: "Uhali gani?", "Waambaje?", "Salaam aleikum", na mdogo humpa mkubwa "Shikamoo" yake. Hakuna mzee wa Kisauni anayeamkiwa "Jambo" na mjukuu wake.

Kifungu "hakuna matata" nacho kimo katika hali hiyo hiyo. Kila neno lake ni la Kiswahili, na sarufi yake haina ila. Lakini mtu wa Mombasa anayetaka kumtuliza mwenziwe husema "haina neno", "si neno" au "hapana taabu". "Hakuna matata" limechaguliwa kwa sababu ni jepesi kinywani mwa mgeni: silabi zote ni za irabu wazi, hakuna upatanisho wa kukumbukwa, hakuna wakati wa kitenzi. Tofauti ya "hakuna", "hapana" na "hamna", ambayo kwa mwenyeji hubeba tofauti ya mahali, haina kazi hapa.

Kwa hiyo wimbo wa hotelini haukutungwa na watu wasiojua Kiswahili. Umetungwa na watu waliokijua vya kutosha hata wakajua kipi kiondolewe. Huo ni ustadi wa rejesta, sawa na ule wa mhudumu na mteja wa sehemu ya 3.0. Tofauti iko kwa msikilizaji. Mteja wa "viazi mbili" anajua kwamba sahani imeachwa. Mgeni wa "Jambo" hajui kwamba kuna kilichoachwa. Yeye huchukua sehemu akaiita nzima, akarudi nayo kwao.

5.3 Bakshishi

Tofauti hiyo ya msikilizaji imebadilisha pia maana ya fedha. Mgeni akifurahishwa hutoa fedha, naye pengine huinuka kama mtuzaji na kuitia katika chombo kilichowekwa mbele ya bendi. Kwa macho, matendo haya mawili hufanana. Kwa lugha hayafanani, na wasemaji wameyapa majina mbalimbali: ile ya harusini ni tuzo, na hii ya hotelini ni bakshishi, neno lile lile apewalo mhudumu aliyeleta samaki wa kupaka. Mtuzaji husema jambo kwa kutoa. Mtoa bakshishi hushukuru kwa huduma. Wa kwanza amelichukua neno la mwimbaji likawa lake. Wa pili ameliacha neno pale pale jukwaani, kwani hakulihitaji.

Hapa ndipo palipo na hasara halisi. Mwimbaji wa hotelini amepoteza mtu wa kumjibu. Anaweza kuimba ubeti wenye fumbo kali, na meza zote zikapiga makofi sawasawa. Baada ya miezi kadhaa ya makofi ya namna hiyo, fumbo huonekana mzigo wa bure, naye hulitua. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walimlaumu mgema. Katika suala hili yafaa kumtazama pia mnywaji ambaye hajawahi kuonja tembo lisilotiwa maji.

6.0 WIMBO USIO NA MWENYEWE

Hasara ya pili ni ya mali. Wimbo uliojengwa kwa salamu huonekana kama salamu yenyewe, yaani mali ya watu wote. Msikilizaji haoni kwamba kuna mtu aliyeketi akachagua vifungu, akavipanga na kuvitilia sauti. Wimbo wenye fumbo huulizwa: "Ni wa nani, na amemwambia nani?" Wimbo wa "Jambo" hauulizwi hivyo.

Mfano wa karibu ni wa "Malaika". Wimbo huo wa mapenzi umeimbwa katika karibu kila hoteli ya pwani, nao ulienezwa duniani na Miriam Makeba na wengineo. Rekodi iliyoupatia umaarufu Kenya ilikuwa ya Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliyefariki mwaka 2001. Lakini watu zaidi ya mmoja walidai kuutunga, na mabishano hayo hayakupata mwisho uliokubaliwa na wote. Mlaji anayeuomba mezani hutaja jina la wimbo, hataji jina la mtu.

Kifungu "hakuna matata" kimekwenda mbali zaidi. Baada ya filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, kampuni ya Disney iliomba nchini Marekani haki ya kukitumia kama alama ya biashara ya nguo, na alama hiyo ikasajiliwa mwaka 2003. Mwaka 2018 habari hiyo ilipoenea Afrika Mashariki, watu wengi walitia saini ombi la kuipinga. Wanasheria walieleza kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kuyatamka maneno. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, lakini hasira haikuwa ya kisheria. Wasemaji waliona kifungu kilichopunguzwa kwa ajili ya mgeni kikiandikwa kwa jina la mgeni.

Kenya inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na vyama vya kukusanya mirabaha hudai ada kwa hoteli na mikahawa inayopiga muziki. Hata hivyo, sheria hulinda kazi ya mtu anayejulikana. Kazi ya kumfanya mtungaji ajulikane ni kazi ya wahakiki na walimu wa fasihi, na hao ndio ambao kwa muda mrefu wamekiona Kiswahili cha hotelini hakistahili kuchunguzwa.

7.0 NJIA YA KATI

Isidhaniwe kwamba mstari kati ya harusi na hoteli hauvukwi. Chakacha, ngoma ya wanawake katika harusi za Waswahili, iliingizwa katika taarabu na Zuhura Swaleh katika miaka ya 1970. Katika muongo uliofuata bendi ya Mombasa Roots iliichukua kwa magitaa ya umeme katika wimbo wao "Disco Chakacha", wakaipiga hotelini mbele ya watalii. Hapo mgeni alisikia mdundo tu, na mwenyeji alisikia mdundo pamoja na kumbukumbu za mahali ulikotoka. Wimbo mmoja ulibeba tabaka mbili za maana, kila msikilizaji akachukua aliyoiweza.

Aidha, msikilizaji mwenyewe amekuwa akibadilika. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwapunguza sana watalii wa ng'ambo, hoteli nyingi zikapunguza wafanyakazi, na bendi zikawa miongoni mwa waliotangulia kuachwa. Marufuku ya mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, yalizima tena muziki wa jioni. Katika vipindi vyote viwili wenye hoteli walilazimika kumtafuta mlaji wa Kenya: familia iliyoshuka kutoka Nairobi wakati wa likizo, au wafanyakazi wa bandari wanaomwandalia mwenzao karamu ya kustaafu. Mlaji wa namna hii anajua Kiswahili, ingawa pengine si Kimvita. Akiimbiwa salamu, hucheka kwa wema. Akiimbiwa zilipendwa za Fundi Konde, mwanamuziki wa pwani aliyefariki mwaka 2000, huacha kijiko akaimba pamoja na bendi.

Tukio la kijiko kuachwa lina maana kwa mtaalamu wa lugha. Linaonyesha kwamba mkahawa wenyewe haukatai fumbo wala lugha kamili. Kinachoamua ni nani aliyeketi mezani. Bendi ile ile, usiku ule ule, huweza kuipigia meza moja rejesta ya salamu na nyingine rejesta ya mashairi, na mwanamuziki wa pwani hupita kutoka moja hadi nyingine bila ya kuhesabu kwamba amefanya jambo gumu.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha mambo matatu. Kwanza, majina ya mahali pa kula katika Mombasa bara yanapanga uhusiano wa mwimbaji na mlaji, na uhusiano huo ndio unaoamua lugha ya wimbo. Pili, kupunguza ni kanuni ya lugha ya mahali hapo, tangu "wali mbili" hadi fumbo la taarabu na hadi "Jambo". Wala kupunguza peke yake si kosa. Tatu, hasara hutokea pale ambapo msikilizaji hakijui kilichopunguzwa: tuzo hugeuka bakshishi, na mtungaji hugeuka mtu asiye na jina.

Kutokana na hayo, yapo mawili yanayopendekezwa. La kwanza ni la istilahi. Kwa kuwa neno mkahawa lipo na kitenzi tumbuiza kipo, hakuna haja ya kutafuta neno la kigeni kwa mahali ambapo watu hula huku wakipigiwa muziki. "Mkahawa wa tumbuizo" latosha, nalo lina faida ya kumkumbusha msemaji kwamba desturi hii ina ukoo. La pili ni la mafunzo. Vyuo vinavyofundisha uhudumu wa hoteli hufundisha Kiswahili cha kumpokea mgeni. Idara za lugha nazo hufundisha Kiswahili cha vitabuni. Wanafunzi wa pande zote mbili wangefaidika wakiketi pamoja jioni moja Bamburi au Likoni, wakaandika wimbo uimbwavyo, jina la mtungaji wake, na lile lililoachwa nje ya maneno yake. Waimbaji waliokuwa vijana "Jambo Bwana" ilipotoka ni wazee sasa. Wanalijua walilolipunguza, na bado wanaweza kuulizwa.